Saa Mia Moja za Kijerumani

Tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa Afrika Mashariki kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro na kuelekea Ziwa Viktoria. Mpaka wa Kenya na Tanzania ungali unafuata njia hiyo. Ndiyo maana kuna Rombo mbili chini ya mlima mmoja. Rombo ya Tanzania iliwekwa chini ya Wajerumani. Rombo ya Kenya, katika Kajiado Kusini, iliangukia upande wa Waingereza, na shule zake zikafuata lugha yao.

Kwa hiyo kijana wa Rombo ya Kenya anayesoma Kijerumani leo hakukirithi kwa babu. Amekichagua. Huenda alikianza sekondari, maana Kijerumani ni somo la mtihani wa KCSE. Huenda alikikuta katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huenda pia amehamia kwa shangazi yake Kitengela ili awe karibu na jiji, na kila asubuhi anapanda matatu kwenda Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani iliyofungua milango yake Nairobi mwaka 1963.

Hamu ya lugha hii iliongezeka baada ya tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin. Habari zilienea kwamba nafasi 250,000 za kazi zilikuwa zinawasubiri Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo: mkataba haukutaja hesabu yoyote. Masharti ya kuajiriwa yalibaki, na katika kazi nyingi, uuguzi ukiwemo, ujuzi wa lugha ni miongoni mwa masharti ya kwanza.

Zipo njia kadhaa za kuupata ujuzi huo. Sura hii inahusu iliyo fupi kuliko zote na inayopendwa sana na wanafunzi wa vyuo vikuu: kozi ya kiangazi nchini Ujerumani.

Kozi inavyoendeshwa

Kalenda ndiyo iliyoizaa. Mihadhara ya vyuo vikuu vya Ujerumani husimama katikati ya Julai na kurejea Oktoba. Katika miezi hiyo mabweni huwa na vyumba vitupu, madarasa hayana watu, na miji kama Heidelberg, Tübingen na Bayreuth huwapokea wageni wanaokuja kujifunza. Huku kwetu Julai ni mwezi wa baridi, wa sweta na chai ya moto. Kule jua huchelewa kutua hadi baada ya saa tatu usiku.

Siku ya kwanza kuna mtihani wa kupanga madarasa. Walimu hutumia ngazi zilizotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaojitegemea, C1 na C2 kwa waliobobea. Asubuhi ni masomo. Alasiri kuna ziara za makumbusho, filamu, michezo, au semina kuhusu historia na siasa.

DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanafunzi na wasomi lililoanzishwa mwaka 1925 na ambalo lina ofisi Nairobi tangu 1973, hutoa ufadhili kwa kozi za namna hii. Kozi inayofadhiliwa sharti iwe na angalau siku 18 za masomo na saa 25 kwa wiki, na mwombaji hutakiwa awe tayari na msingi wa lugha. Asiyepata ufadhili hulipa karo, chumba na nauli mwenyewe. Kwa kuwa kozi haifiki siku 90, visa inayohitajika ni ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi lazima yaambatane na bima ya afya yenye fidia isiyopungua euro 30,000. Maombi hupitia ubalozi wa Ujerumani ulioko Riverside Drive, katika jumba lililopewa jina la mmisionari Ludwig Krapf.

Hesabu ya saa

Wiki nne za saa 25 ni saa 100. Goethe-Institut hukadiria kwamba mtu anayefika B1 amehudhuria vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45. Ukizipanga namba hizo pamoja, utaona kozi ya kiangazi inaweza kufanya nini na haiwezi nini. Aliyeondoka Kitengela bila neno la Kijerumani atarudi akijua kununua mkate na kuuliza treni inaondoka lini. Aliyeondoka na B1 huwa na akiba kubwa ya maneno na sarufi isiyowahi kutumika mbele ya mtu asiye mwalimu wake, na saa hizo 100 zitamlazimu kuitumia.

Hapo ndipo thamani ya kozi ilipo. Darasani Nairobi mwalimu hutamka polepole na husubiri. Mwenye duka la mikate hasubiri, hasa foleni ikiwa imefika mlangoni. Sikio hujifunza kukamata kitenzi kinachokuja mwisho wa sentensi ndefu, na ulimi hujifunza kujibu kabla kichwa hakijamaliza kupanga viambishi.

Lakini kuvuka bahari peke yake hakutoshi. Mwaka 2004 watafiti Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey walichapisha utafiti wa Wamarekani 28 waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Baadhi walisoma chuoni kwao kama kawaida, wengine walikwenda Ufaransa, na kundi la tatu lilibaki Marekani katika kozi kali ya kiangazi, likitumia Kifaransa kutwa nzima. Kundi hili la tatu ndilo lililopiga hatua kubwa zaidi katika ufasaha wa kuzungumza. Waliokwenda Ufaransa waliripoti kwamba nje ya darasa walitumia Kiingereza zaidi ya Kifaransa. Chuo cha Middlebury, Vermont, kiliielewa hatari hiyo zamani: shule yake ya kiangazi ya Kijerumani ilianza mwaka 1915, na wanafunzi wake huweka ahadi ya kutotumia lugha nyingine muda wote wa kozi.

Mkenya yumo katika hatari hiyohiyo, pengine kuliko wengine, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri. Katika bweni lenye Mbrazili, Mpolandi na Mkorea, Kiingereza ndicho hushika usukani. Anayetaka faida huomba mwenza wa chumba asiyekijua, hujiunga na timu ya kandanda ya mtaa, au huenda kanisani Jumapili na kukaa baada ya ibada kunywa kahawa na wazee.

Waliotangulia

Historia ya pwani yetu ina shahidi mzito. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844. Alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, na akaitwa Emily. Mumewe alifariki mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Hakuwa na njia ya kuikwepa lugha: alihitaji kupanga nyumba, kulea, na kujipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1886, mwaka uleule wa mstari wa Kilimanjaro, kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa kwa Kijerumani.

Krapf alipita njia hiyo kutoka upande wa pili. Alizaliwa Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Tübingen, akafika Mombasa mwaka 1844 na kujifunza Kiswahili kwa kuishi na wenyewe. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Mwanafunzi wa Kajiado anayekwenda huko kwa kozi anaweza kutembea kwa miguu hadi Derendingen. Njiani atasikia Kiswabia, lahaja ya eneo hilo, ambayo vitabu vyake vya Nairobi havikumwandaa kuisikia.

Silaha moja anayo tayari. Wanafunzi wengi hulemewa na jinsi tatu za nomino za Kijerumani na viambishi vinavyobadilika kuzifuata. Anayesema *kitabu kizuri* na *mti mzuri* bila kufikiri amezoea tangu utotoni kwamba nomino huamuru maneno yanayoizunguka. Mmaasai wa Rombo anazo lugha tatu za kulinganisha: Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza.

Kazi ya baadaye

Mtihani wa Goethe wa B1 una moduli nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moduli inaweza kufanywa peke yake, na alama ya kupita ni 60 kwa 100. Mpango wenye busara ni kuanza na kusoma na kuandika Nairobi kabla ya safari, kwa kuwa hizo hujengwa mezani kwa vitabu na mazoezi, kisha kujiandikisha kwa kusikiliza na kuzungumza mara baada ya kurudi, Septemba au Oktoba, kabla wiki za mazungumzo ya kila siku hazijapoa.