Kompyuta ya gemu Kigoma: Anza na kipa, straika baadaye

KIGOMA haijaanza leo kulisikia neno kompyuta. Miaka ya 1970, wakati mashine hizo hazijafika kwenye ofisi nyingi za nchi hii, mashabiki wa Yanga walishampachika jina la 'Computer' Sunday Manara, fundi wa mpira kutoka ukoo wenye asili ya Kigoma, ambaye baadaye alikwenda kucheza soka la kulipwa Uholanzi.

Leo vijana wa Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji wanaisaka kompyuta yenyewe, na si ya kuchapia barua. Wanataka mashine ya kuchezea EA Sports FC na eFootball bila picha kuganda straika akiwa uso kwa uso na kipa. Kuna anayeitaka ya chumbani, na kuna anayekusanya akiba yake yote afungue kibanda cha gemu apate riziki.

Kinachowasumbua si bajeti peke yake, ni umbali. Soko kubwa la vipuri ni Kariakoo, na kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Kijana wa Ilala akiuziwa kadi mbovu asubuhi, mchana yupo dukani anagomba. Wa Kigoma analipa nauli ya mzigo kwenda, analipa kurudi, na huenda muuzaji hapokei tena simu. Huku usajili mbovu haurekebishwi kirahisi, kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla pesa haijatumwa.

MFUMO NI 4-3-2-1

Kosa la wengi ni kuanza na straika. Mtu anaona kadi ya grafiki inayosifiwa, anaimalizia pesa, halafu anaiunganisha na prosesa iliyochoka na pawa saplai ya kubahatisha. Ni sawa na kumleta mfungaji bora halafu huna kiungo wa kumpa pasi.

Mgawanyo unaomfaa mtu wa bajeti ndogo ni 4-3-2-1. Katika mafungu kumi ya pesa, manne yaende kwenye mashine yenyewe, matatu kwenye kadi ya grafiki, mawili kwenye RAM na SSD, na moja kwenye padi na vikorokoro vingine. Kioo kisikuumize kichwa, maana televisheni yoyote yenye tundu la HDMI inacheza namba hiyo.

MABEKI WATOKE OFISINI

Kukusanya kila kipuri kipya ni gharama. Njia ya mkato ni kompyuta za mezani zilizotumika maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo huja na prosesa, mazabodi, boksi na pawa saplai yake.

Hapa macho yawe mawili. Kwanza, uliza kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inazitambua rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Isitoshe, EA Sports FC 26 inataka mashine yenye Secure Boot na TPM 2.0, kinga zinazotumika kuwabana wanaodanganya mtandaoni. Mashine ya kizazi cha sita inaweza kuwa bei chee, lakini ni beki wa miaka 38 anayetakiwa kucheza msimu mzima. Core i5-8500, yenye viini sita, ni chaguo la maana.

Pili, uliza umbo. Chukua boksi kubwa la kusimama. Yale membamba yanabana, kadi ya kawaida haiingii, na utajikuta unasaka kadi fupi ambazo ni adimu na bei yake imechangamka.

STRAIKA ASIYEKULA SANA

Boksi hizi za ofisini nyingi zina pawa saplai ya wati 250 hivi, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Ndiyo maana GTX 1050 Ti ya GB 4, japo imezeeka, bado inasajiliwa. Inatumia wati 75 tu, na matoleo yake mengi yanachukua umeme kwenye tundu la mazabodi moja kwa moja. Ndiyo kadi iliyotajwa kama kiwango cha chini kwa EA Sports FC 25. GTX 1650 ina nguvu zaidi na ulaji wake ni huohuo, ila hakikisha ni lile toleo lisilohitaji waya.

RX 570 nayo inatajwa kwenye kiwango hicho, na kwa kasi inaipita 1050 Ti. Lakini inakula wati 150 na inataka waya wake, hivyo itakulazimisha ubadili pawa saplai. Pia kadi nyingi za aina hiyo zilikeshwa kuchimba sarafu za mtandaoni hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji. Ni mchezaji mzuri, ila magoti yake yapimwe.

VIPIMO VYA AFYA KABLA YA KUSAINI

Klabu haimsaini mchezaji bila vipimo, nawe usitume pesa bila video. Mwambie muuzaji aiwashe mashine, afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z na akuonyeshe kadi inavyosomeka. Sokoni zimejaa 1050 Ti feki, yaani kadi za kizamani zilizobadilishwa majina, na programu hiyo huwaumbua wengi kwa kuandika neno 'FAKE' mbele ya jina. Kisha aendeshe FurMark kwa dakika 20. Skrini ikianza kutoa madoa au mashine ikazima, mwambie asante, endelea na safari.

Viungo wawili waliobaki ni rahisi. RAM iwe GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, kwa sababu viwili vinavyopigiana pasi vina kasi kuliko kimoja kilicho peke yake. SSD iwe ya GB 512. FC 25 peke yake inataka GB 100, na Windows nayo inahitaji pa kukaa.

Kupakua GB 100 kwa bando ni kilio kingine. Jamaa mwenye gemu hilohilo akikubali, mafaili yanabebwa kwenye diski ya nje, halafu unaingia kwa akaunti yako uliyolipia na kumalizia masasisho tu.

KIPA HAHESABIWI, LAKINI YUPO

Ukitaja 4-3-2-1 umetaja wachezaji kumi. Kipa hayumo kwenye hesabu, na ndiyo maana watu humsahau. Kipa wa kompyuta ni UPS.

Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 mkoa ulipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Hata hivyo, umeme kukatika na kurudi kwa kishindo hakujaisha, na masika radi za ziwani hazina utani. Mkoa uliomtoa Juma Kaseja haupaswi kufundishwa thamani ya golikipa.

UPS ya 650VA haitoi wati 650. Nyingi hutoa chini ya wati 400, ambazo zinatosha kikosi hiki na kioo chake kwa dakika chache za kuzima kistaarabu. Chagua yenye kurekebisha umeme unaopanda na kushuka. Radi zikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani.

DIRISHA HALIFUNGWI

Aprili 2024, Mashujaa iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa penalti palepale Lake Tanganyika, na hakuna aliyekwenda kulinganisha bajeti za timu hizo.

Mwenye pesa kidogo asione haya kusajili kwa awamu. Mwezi huu mashine, SSD na UPS. Hapo tayari PES 2017 inachezeka kwa grafiki ya ndani ya prosesa, na mwanafunzi anafanyia kazi zake za chuo. Kadi ije baadaye, pesa ikitimia na vipimo vikijibu. Anayefungua kibanda naye aanze na mashine moja iliyokamilika kuliko tatu zinazochechemea, maana mteja aliyegandiwa na gemu dakika ya 89 harudi tena.