Masomo ya watoto wadogo: tuangalie saa mbele ya kuangalia kibao

Kila mwaka, vakanse kubwa ikianza, delege wa sendika anapokea maulizo ambayo hayamo mu koda ya kazi. Mwaka huu moja imepita zote: mtoto amefikisha miaka 3, tumpeleke wapi? Ku maternele ya Leta, ile ya kartie yetu ambayo sasa imeongeza garderi ya mchana, ao ku masomo ya mtu binafsi yenye kuandikwa "Montessori" ku kibao? Si makadre peke yao wanauliza. Ni dereva wa kamio ya mugodi, ni mama wa laboratwari, ni fundi wa kuunga vyuma. Mu nyumba fulani baba na mama hawaelewani tena juu yake. Na sasa neno limeingia mu sendika yenyewe, kwa sababu tunatayarisha madai ya mapatano ya pamoja na muajiri. Wenzetu fulani wanataka tuombe feza ya masomo ya binafsi kwa kila mtoto wa mfanyakazi. Wengine, na sisi tuko upande huo, tunataka kitu kingine. Tueleze.

Tuanze na Leta, kwa kuwa hapo watu wengi wanachanganya. Maternele, ile wazee wetu wanaita gardiene, ni ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Sheria ya masomo, namba 14/004 ya tarehe 11/2/2014, haimlazimishi mzazi kuipitisha mtoto. Na masomo ya bure iliyoanza mwezi wa 9 mwaka 2019 inahusu primere, haihusu maternele. Basi mama akisikia "ya Leta" asizani ataingia mikono mitupu. Kitu kingine: masomo ya wapadri, ya waprotestanti, ya wakimbangu na ya waislamu yenye mapatano na Leta, nayo ni ya Leta. Kuna baba mmoja alituambia kwa majivuno kwamba yeye hapeleki mtoto ku masomo ya Leta, anapeleka kwa masere. Tulicheka naye vizuri.

Sasa huyu Montessori ni nani? Wengi wanazani ni jina la kampuni, ao la mtu wa Amerika tajiri. Maria Montessori alikuwa mwanamke wa Italia, alizaliwa mwaka 1870, akasoma uganga Roma mu wakati ambapo wanawake wenye kusoma uganga walikuwa wachache sana. Mbele alifanya kazi na watoto wenye akili iliyochelewa, wale wengine walikuwa wamewatupa. Tarehe 6/1/1907 akafungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mu San Lorenzo, kartie ya maskini ya Roma. Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Wale watoto walikuwa watoto wa wafanyakazi. Baba na mama walikuwa wanatoka asubuhi kuenda ku kazi, watoto wanabaki peke yao mu manyumba marefu, wanakimbia ku ngazi, wanachafua kuta. Wenye manyumba walichoka na kuta zao kuharibika, wakatafuta mtu wa kuwaangalia watoto wakati wazazi hawapo. Njo hivyo yote ilianza. Ile kitu leo inauzwa kwetu kama masomo ya watoto wa wakubwa, ilizaliwa kama garderi ya watoto wa watu wa kazi.

Namna yake ya kufundisha si uchawi. Watoto wa miaka 3 mpaka 6 wako pamoja mu kalasi moja, mkubwa anamuonyesha mdogo. Kila mmoja anachagua kazi yake ku rafu, anaifanya mpaka anaimaliza, anairudisha mahali pake. Anamimina maji toka chupa kuingia kikombe bila kumwanga. Anafunga vifungo. Anapanga miti 10 ya rangi ya roze, mkubwa chini mdogo juu. Anapitisha kidole ku herufi zilizokatwa mu karatasi yenye kukwaruza, mkono unajua A mbele ya kalamu kuijua. Mwalimu hasimami mbele kupiga kelele, anazunguka polepole, anaonyesha, anaondoka. Na asubuhi haikatwi-katwi: watoto wanafanya kazi karibu saa 3 bila kengele. Mama zetu wenye kumpa mtoto maharagi achambue pembeni ya jiko, ao fagio ndogo afagie kiwanja, wako karibu na ile mambo kuliko wanavyojua.

Ubaya ni huu: jina "Montessori" halina ufunguo. Hakuna sheria ya dunia inayokataza mtu kuliandika ku kibao chake. Kuna chama kinachoitwa Association Montessori Internationale, yeye mwenyewe alikianzisha mwaka 1929, kinafundisha walimu na kuwapa diplome. Lakini masomo yoyote inaweza kuchukua jina bila kujua hicho chama. Sisi tuliingia mu masomo moja ya namna hiyo, hatuitaji jina, tulipelekwa na mwenzetu aliyetaka kuandikisha binti yake. Kibao kizuri, ukuta wa rangi, bei ya kadre. Ndani tulikuta watoto wa miaka 4 wamekaa ku mabanki yenye kupangwa mistari, wanaandika paka ile mwalimu ameandika ku tablo. Miti ya roze ilikuwapo, ndiyo, mu armware yenye kufungwa na kifuli. Ilikuwa ya kuonyesha wageni.

Kwa hiyo, mzazi mwenye kutaka Montessori asiombe karatasi ya bei kwanza. Aombe kukaa mu kalasi asubuhi moja, nyuma, kimya. Kama watoto wanachagua kazi, kama wa miaka 3 na wa miaka 5 wako pamoja, kama vyombo viko chini pale mkono wa mtoto unafika, kama mwalimu anaweza kusema alifundishwa wapi na kwa muda gani, hapo kuna kitu. Wakikataa aingie, jibu amekwisha kulipata.

Lakini hata Montessori ya kweli kabisa, kwetu sisi wa mugodi, inagonga ku saa. Bus ya kazi inapita ku rond-point 4h45. Posti inaanza 6h00, inaisha 18h00, na kurudi nyumbani ni 19h15 kama barabara haina makamio mingi. Masomo ya binafsi tuliyoitembelea inafungua 7h30, inafunga 12h30. Nani anampeleka? Nani anamchukua? Kama mama anauza ku soko, ao yeye pia yuko mu mugodi, kutoka 12h30 mpaka 19h15 ni saa karibu 7, zaidi ya saa ambazo mtoto anapitisha na mwalimu. Unalipa feza nyingi juu ya asubuhi, na mchana mtoto yuko na dada wa miaka 11 ambaye naye alipashwa kuwa ku masomo. Hiyo njo swali wazazi hawaulizi direktere: mutoto wangu anashinda na nani?

Tena kuna posti ya usiku. Baba anarudi asubuhi, nyumba ni ya vyumba 2, mtoto wa miaka 4 amerudi saa sita ya mchana na nguvu zake zote. Baba halali. Jioni anapanda tena ku kamio yenye kubeba tani 100. Mu mikutano ya usalama wanatuambia kila siku kwamba uchovu unaua, lakini hakuna anayetuuliza tunalala namna gani. Garderi inayomshika mtoto mpaka jioni ni jambo la usalama wa kazi pia, na sisi tutalisema hivyo mbele ya muajiri.

Feza sasa. Tuchukue mfano, kila mtu aweke bei zake mwenyewe. Tuseme masomo ya binafsi inaomba dola 60 ku mwezi, na msichana wa kuangalia mtoto mchana dola 40. Ni 100 ku mwezi, 1.000 kwa miezi 10 ya masomo, 3.000 kwa miaka 3. Tuseme maternele ya Leta inaomba 15 na garderi 25. Ni 40 ku mwezi, 400 ku mwaka, 1.200 kwa miaka 3. Tofauti ni dola 1.800, kwa mtoto mmoja, mbele hajaanza primere. Na kisha primere njo humo mtoto ataenda kukaa pamoja na wengine wote, mu kalasi iliyojaa. Mwenye feza ya miaka 3 tu ajiulize ile ya mwaka wa 4.

Juu ya Kifaransa tutasema kidogo. Wazazi wengi wanalipa binafsi paka juu ya hiyo. Sheria ileile ya 2014 inakubali luga za taifa mu masomo, na Kiswahili ni moja ya zile 4. Mtoto wa miaka 3 anayeulizwa mu luga anayosikia anajibu. Mwenye kuulizwa mu luga asiyosikia ananyamaza, na watu wanasema ana aibu.

Turudilie madai. Wenzetu wanaotaka feza ya masomo ya binafsi wana haki ya kukasirika, kwa sababu makadre fulani wanalipiwa. Lakini hiyo feza itamfikia nani? Mwenye kontra ya kampuni yenyewe. Watu wa sutretansi, wenye kuvaa kofia ileile, kupanda bus ileile, kumeza vumbi ileile, hawatapata hata franka. Na kitu chenye kushikiliwa na kampuni moja kinaanguka pamoja nayo. Wazee wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa na masomo ya Gécamines, na hospitali, na unga. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba ku mwaka. Mwaka 2003 haikufika 20.000, na watu zaidi ya 10.000 wakatoka kwa ile iliitwa kuondoka kwa kupenda. Watoto wao walijua maana yake ku mlango wa masomo.

Koda ya mugodi ya tarehe 9/3/2018 inaagiza kampuni iweke pembeni si chini ya 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi, na watu hao wana viti mu kamati inayosimamia feza hiyo. Humo njo tunataka garderi iingie, na mu cahier des charges pia: kalasi moja ya kuongeza ku maternele ya Leta, choo cha watoto, maji, mikeka ya kulalia, bukari na mboga ya mchana, walinzi wawili wenye kulipwa kila mwezi, na mlango kufunguliwa toka 5h00 mpaka 19h30. Mtoto wa sutretansi aingie, wa mama muuza makala aingie. Na kama feza inabaki, tutume walimu wawili wajifunze ile namna ya San Lorenzo, vyombo vyake maseremala wetu wa kartie watavichonga.

Mwenye mume ao mke ndani ya nyumba mchana kutwa, mwenye Montessori ya kweli ya kutembea na miguu, mwenye feza ya miaka yote 3 bila deni, huyo apeleke, hatutamlaumu. Wengine, wenye watoto wa miaka 3 mpaka 5, tunawaomba wapitie kwa delege wao mbele ya mwisho wa mwezi, na karatasi yenye mambo matatu: posti yao ya juma, saa ya kurudi nyumbani, na ni nani anayemchukua mtoto 12h30. Kontra ya sutretansi haikatazi kuleta karatasi.