Mitetemo ya Ardhi (4): Sikio la Kilimambogo

Habari za magari ya askari kulipuliwa na mabomu ya kutegwa barabarani, Lamu na Mandera, hazikauki magazetini, na wasomaji wameuliza kama mawimbi tuliyoyaeleza majuma yaliyopita hayawezi kuyafichua. Yanaweza, kwa kiasi. Lakini kwanza tupande Kilimambogo.

Watu wa Thika wanaujua mlima huo kwa nyati wake na kaburi la mlowezi McMillan. Wachache wanajua kwamba huko kuna kituo cha mitetemo, kimoja kati ya vituo vikuu 50 vya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000. Mjini Ruiru kituo hicho kisingefaa. Lori la kokoto likipita, vioo vya madirisha hutetemeka, na chombo kinachosubiri mlipuko wa bara jingine kinataka mwamba na utulivu.

Na tusisahau tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililoua watu 213 katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, lilinaswa na kipimamitetemo kilichokuwa umbali wa kilomita 3 hivi. Wimbi la ardhini lilitangulia. Mshindo wa hewani, ambao huhitaji takriban sekunde 9 kwa umbali huo, ukaja nyuma. Mwaka 1999 wanasayansi Koper, Wallace na Hollnack walichapisha uchambuzi wa mitetemo hiyo. Shahidi wa namna hii hahongeki, na mahakama zetu zingemtamani.

Sasa mabomu yaliyofukiwa. Waymond Scott na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, walitikisa ardhi kwa mtambo, wakatuma mawimbi ya Rayleigh, yale yanayotambaa juu juu, kisha rada ikapima udongo unavyocheza. Bomu la ardhini la plastiki lina uwazi ndani na mfuniko unaobonyea, kwa hiyo udongo ulio juu yake hucheza kupita wa jirani. Jiwe halifanyi hivyo. Kigunduzi cha chuma, kwa upande wake, hulia hata kwa kizibo cha soda. Kasoro ni kwamba kazi hii huenda polepole, na msafara wa Mandera hausubiri. Tena bomu la barabarani linaweza kuwa jerikeni tu ya baruti, isiyo na mfuniko wa namna hiyo.

Huko Embakasi, Nairobi, wateguaji wa mabomu wamefundishwa tangu 2005. Ila mabasi ya shule za Thika na Ruiru yanaendelea kupanda Kilimambogo kuwatazama nyati, na mwalimu wa fizikia ameachwa shuleni. Apewe kiti cha mbele, awaeleze wanafunzi kituo hicho cha mitetemo!

Juma lijalo: jinsi vituo vitatu vinavyotosha kuonyesha mlipuko ulitokea wapi.