Kompyuta Kongwe na Safari za Diskini

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mahali kama hapo kompyuta ya shule ikizorota, kupata nyingine si jambo la kesho. Kwa hiyo yafaa kuuliza kwanza: je, mashine imechakaa kweli, au imeelemewa tu?

Kompyuta ina maghala mawili ya taarifa. Kumbukumbu kuu ni ya haraka lakini ni ndogo, na umeme ukikatika hupoteza kila kitu. Diski ni kubwa na huhifadhi, lakini ni ya polepole. Kusoma neno katika kumbukumbu kuu huchukua kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kulitafuta katika diski inayozunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Tofauti ni mara 100,000. Tuseme mpishi wa Sumbawanga huchota unga jikoni kwa sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kwenda diskini ni kuufuata unga huo kwa saa 28 hivi, kama mtu anayeshuka kwa miguu hadi Bonde la Rukwa na kuupanda tena mteremko.

Programu zinapozidi nafasi ya kumbukumbu, mfumo endeshi huhamishia diskini kurasa zisizotumika kwa wakati huo. Mbinu hii, iitwayo kumbukumbu dhahania, ilianza katika kompyuta ya Atlas huko Manchester, Uingereza, mwaka 1962. Ni mbinu njema, mradi safari ziwe chache. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kwamba kila programu ina fungu la kurasa inazozihitaji kwa kipindi kimoja. Mafungu hayo yakizidi kumbukumbu, ukurasa unaoondolewa sasa huhitajika tena mara moja, na mashine hushinda safarini badala ya kufanya kazi.

Mfumo wa Linux una kipimo kiitwacho swappiness, ambacho kwa kawaida ni 60. Kikishushwa hadi 10, mashine haiharakishi kuhamisha kurasa za programu. Hutupa kwanza nakala za mafaili ilizojiwekea. Njia nyingine ni zram, iliyoingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2014. Hapa kurasa hubanwa na kubaki ndani ya kumbukumbu yenyewe. Prosesa huongezewa kazi, lakini safari ya diskini huepukwa. Kwa hiyo kipimo hicho hakina haja ya kushushwa.

Wanafunzi wasiyakubali haya kwa kusikia tu. Wafungue programu wanazotumia kila siku, waandike muda unaopita, na watazame safu za si na so katika amri ya vmstat, zinazoonyesha kurasa zinazoingia na kutoka. Kisha wabadilishe jambo moja tu, na kupima upya.

Safu hizo zikiwa sifuri tangu mwanzo, kosa si la kumbukumbu, na litafutwe kwingine. Zikibaki kubwa baada ya marekebisho, basi mafungu ya kurasa yamezidi uwezo. Marekebisho hupunguza safari, hayaongezi kumbukumbu. Hapo dawa ni kufunga baadhi ya programu, au kununua kipande cha kumbukumbu, ambacho ni nafuu kuliko kompyuta mpya.