Vyumba Vidogo vya Habari (3): Mwandishi wa Kata Kwanza, Mitambo Baadaye

Katika makala mbili zilizotangulia tulitazama gharama za kuendesha redio ya wilaya na namna matangazo ya biashara yanavyohamia kwenye mitandao ya kijamii. Sitarudia hayo. Leo naomba tusimame kwenye swali ambalo mipango mingi ya kuvisaidia vyombo vidogo hulipita mbio: habari yenyewe inaletwa na nani?

Swali hili limepata uzito mpya tangu katikati ya Machi 2025, Serikali ya Marekani ilipoamuru Sauti ya Amerika ipunguzwe na watumishi wake zaidi ya elfu moja wakapewa likizo ya lazima. Redio zilizozoea kujiunga na matangazo yake ya Kiswahili zilijikuta na saa tupu. Miezi hiyohiyo misaada ya Marekani iliyokuwa ikilipia mafunzo na miradi ya wanahabari katika nchi nyingi ilikatwa. Kilio kilichofuata kilikuwa cha haki. Lakini kilio hicho kilihusu fedha na vipindi, na mimi nasema upungufu wetu mkubwa zaidi ni wa watu. Redio iliyoko wilayani inayoweza kusimulia vita vya mbali na isiweze kueleza kwa nini kisima cha kata ya jirani kimekauka, ilikuwa na saa tupu hata kabla ya Washington kunyamaza.

Jambo hili si jipya kwetu, na ufumbuzi wake si mgeni. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa magazeti ya zamani ya Kiswahili, na kila ninapoyarudia naona kwamba waanzilishi wake walilijibu swali letu wakiwa hawana simu wala umeme.

Mwaka 1888 chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, kilianza kuchapisha Msimulizi. Lilikuwa gazeti la wamisionari, na sina haja ya kuficha hilo. Utajiri wake ulikuwa katika barua. Kiungani ilikuwa imewasomesha watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengine kati yao walikua wakawa walimu, wakapelekwa bara: Magila, Masasi, Newala, na huko mbele hadi Ziwa Nyasa. Kutoka vituo hivyo waliandika yaliyotokea mbele ya macho yao, wakatuma Unguja, na barua zao zikapangwa kituo kwa kituo. Hebu tulitafakari hilo. Vijana walioporwa nyumbani kwao, wakanyimwa hata majina waliyozaliwa nayo, ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika habari za Afrika Mashariki kwa Kiswahili na kuzichapisha. Na mpango wa kazi yao ulikuwa rahisi: kila mahali pana mtu wake, mtu huyo anaishi hapo, na jina lake linajulikana. Miaka michache baadaye Magila nayo ikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi.

Tanga iliupokea mpango huo kwa njia nyingine. Shule ya Serikali ya Kijerumani ilikuwa na kiwanda cha uchapaji ambamo wanafunzi walijifunza kazi, na humo, tangu 1904, mwalimu Paul Blank akasimamia gazeti la Kiongozi. Lilikuwa gazeti la watawala, na mpiganaji wa Majimaji hakuwa na nafasi ndani yake. Hata hivyo makarani, walimu na maakida waliotawanyika kuanzia pwani hadi maziwa makuu walilipelekea habari za miji yao: mvua, njaa, vifo, sherehe, simba aliyevamia kijiji. Barua ilisafiri kwa wapagazi, kwa mashua, na kwa reli pale ilipokuwapo. Reli ya Tanga yenyewe ilikuwa bado inapanda taratibu, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mhariri alingoja. Gazeti liliendelea kutoka hadi mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Waingereza walipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu, hawakuwa na la kubuni. Safu ya habari za miji ikaendelea, na hapo ndipo msomaji wa Tabora alipojua bei za Lindi na msomaji wa Bukoba akajua nani amefariki Bagamoyo. Wengi wanalikumbuka gazeti hili kwa sababu Shaaban Robert alichapisha humo mashairi yake, na ni haki wamkumbuke. Ila mimi ningependa pia tuwakumbuke wale wasio na vitabu, walioandika aya nne kwa mwezi kutoka mji mdogo na kutia jina chini yake. Bila wao historia ya kawaida ya Tanganyika, ile ya masoko na misiba na mechi za kandanda, isingekuwapo kwenye karatasi yoyote.

Halafu akaja Erica Fiah. Huyu nina deni naye kama msomaji, na naona taifa lina deni kubwa zaidi. Alikuwa Muganda, aliyehudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa mwenye duka Dar es Salaam, na mwaka 1934 akaanzisha chama cha kutetea maslahi ya Waafrika wafanyabiashara na wakazi wa mji. Novemba 1937 akatoa Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Hakuwa na uwezo wa kulitoa kila wiki, kwa hiyo alilipanga litoke kila baada ya siku 18. Siku 18! Mtu mwingine angesema tusubiri mpaka fedha zitoshe. Fiah aliupima uwezo wake, akachagua mwendo ambao angeweza kuumudu, na gazeti likaishi hadi 1951, likipita katikati ya Vita Kuu ya Pili. Humo Mwafrika wa mjini alisoma malalamiko yake kuhusu mshahara, nyumba na heshima, yameandikwa na mtu anayeishi naye mtaa mmoja. Ningetamani kila mhariri kijana aliyekata tamaa amjue Fiah kabla hajaandika barua nyingine ya kuomba ufadhili.

Wa mwisho katika orodha yangu ni Ngurumo, lililoanzishwa mwaka 1959 na mchapaji Randhir Thaker. Kurasa zake zilikuwa chache, mitambo yake mikuukuu, bei yake ndogo, lakini mtu wa kawaida alilinunua kwa sababu lilijua anachozungumza kilabuni, sokoni na kwenye foleni ya basi. Lilifika kuchapisha nakala zipatazo 40,000 kwa siku, likafa mwaka 1976 mitambo ilipochoka. Hapo ndipo mitambo inapokuwa na umuhimu wake, sikatai. Lakini angalieni mpangilio: watu walilipa gazeti uhai, kisha mashine ikalinyang'anya.

Sasa turudi wakati wetu. Kenya ilituonyesha Januari 2008 kwamba mpango wa habari za miji unaweza kuvaa nguo mpya. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, na ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zinaenea. Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaunda Ushahidi, ambako mwananchi alituma ujumbe wa simu au barua pepe, na tukio likawekwa kwenye ramani. Programu ile ikatolewa bure, ikatumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Wazungu waliiita uvumbuzi. Mimi naiona ni Msimulizi iliyopata ramani. Hata redio ya Koch FM, iliyoanza mwaka 2006 ndani ya kontena pale Korogocho, Nairobi, haikusimama kwa sababu ya kontena. Ilisimama kwa sababu watangazaji wake walikuwa vijana wa Korogocho.

Chumba kidogo cha habari leo kina nyenzo ambazo Fiah angezililia. Audacity, programu ya kuhariri sauti, hailipiwi na haihitaji kompyuta ya kifahari. Zipo programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinazokijua Kiswahili, kama Whisper iliyotolewa mwaka 2022, ingawa mhariri asiziamini kwa majina ya vijiji, takwimu wala lahaja. Sikio la mwenyeji lirudie kila mstari kabla ya kuchapa.

Ipo pia nyenzo isiyohitaji chaji, nayo ni sheria. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Tanzania inampa ofisa siku 30 za kumjibu raia aliyeomba. Kenya inampa siku 21, na saa 48 tu iwapo taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ofisa anapaswa kumwandikia. Kwa upande wa Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka na huzigusa halmashauri. Mwandishi wa kata akiwa na ukurasa mmoja unaohusu halmashauri yake, akaenda kuutazama mradi unaotajwa, ana habari ambayo hakuna studio ya ng'ambo inayoweza kuitangaza badala yake.

Lakini mwandishi huyo analipwa nini? Hapa ndipo naona aibu yetu. Wamiliki wanaona fahari kununua kamera mpya huku mwandishi wa wilayani akilipwa kwa habari iliyotumika tu, tena kwa kuchelewa, na nauli juu yake mwenyewe. Kisha tunashangaa anapopokea bahasha ya kaki kutoka kwa aliyemwalika. Bahasha ni dhambi ya anayeipokea, lakini mlango wake umefunguliwa na mwajiri. Mwandishi asiye na mkataba, asiye na kitambulisho na asiye na nauli ni wa yeyote atakayemlipia pikipiki.

Nawaomba wamiliki na wahariri wa redio za jamii na magazeti ya mikoa wafanye kama alivyofanya Fiah: wapime uwezo. Ukiweza kuwalipa vizuri watu watatu, chagua kata tatu, uziandike kwa ukamilifu, uyatangaze majina ya waandishi wake hewani, na uache kudai kwamba unahudumia wilaya nzima. Mwaka unaofuata ongeza ya nne. Habari zao zihifadhiwe kwa tarehe na mahali, sauti na maandishi, katika sehemu zaidi ya moja, kwa maana simu ya mtangazaji si maktaba. Na wale wenye nakala za Kwetu, Ngurumo au Mambo Leo masandukuni kwa wazee wao, tafadhali zipelekeni maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu nanyi kabla mchwa hawajazimaliza.