Sauti za wazazi wetu zisibaki ndani ya mashine moja



Katika nyumba nyingi za hapa Lubumbashi, chini ya televizyo, kuna mashine nyeusi ambayo ndugu aliituma zamani kidogo kutoka Ubelgiji. Inasoma DVD, inarekodi, na ndani yake mna disiki duru inayoweka saa nyingi za picha bila kaseti. Familia nyingi zilihamishia humo kaseti za ndoa na za ubatizo, kisha kaseti zenyewe zikaliwa na ukungu au zikatupwa. Sasa picha ziko mahali pamoja tu. Nayo disiki hiyo ni sahani inayozunguka. Umeme ukikatika ghafula mara kwa mara, inaweza kuumia, na siku moja haiwaki tena.

Katika likelemba yetu kuna mama mmoja ambaye mama yake mzazi alifariki. Picha za karatasi anazo nyingi. Lakini sauti ya marehemu inasikika mahali pamoja tu: dakika kama 20 za siku ya mahari ya dada mdogo, bibi akimpa binti mashauri. Ziko ndani ya mashine ya namna hii, nayo imeanza kulia tik-tik kila inapowashwa. Fundi alimwambia: tufungue, tutoe disiki, tuichomeke kwenye ordinateri.

Nilimwambia asikubali, na ninyi nawaambia hivyo hivyo. Mashine hizi zinaandika picha kwa namna yao wenyewe, kila mtengenezaji na yake, kama mwanafunzi aliyejitungia alama zake katika daftari. Windows haisomi alama hizo. Inadhani disiki ni tupu au imeharibika, kisha inauliza kama ifanye «formater». Mtu akijibu ndiyo, anaanza kufuta kila kitu. Kutoa disiki ni dawa ya mwisho, mashine ikiwa imekufa kabisa, na kwa fundi ambaye kwanza ananakili disiki nzima kabla ya kugusa chochote.

Mashine ikiwa bado inawaka, acheni yenyewe itoe picha. Nunueni DVD tupu. DVD-RW ni nzuri zaidi kwa kazi hii kwa sababu inafutika na kutumika tena, ila tazameni kwanza alama zilizo mbele ya mashine, maana si zote zinakubali kila aina. Katika menyu chagueni «copier» kutoka disiki duru kwenda DVD. DVD moja ya kawaida, ya giga 4,7, inachukua karibu saa 2 kwa ubora wa kati. Mkiona nafasi ya kunakili kwa haraka, ichukueni: picha haipungui ubora. Mashine ikiwa tayari inalia, anzeni na ile picha ambayo mngeililia, ndoa ya jirani itafuata.

Halafu kuna hatua ambayo watu wanaisahau: «finaliser», yaani kuifunga DVD. Bila hiyo, mara nyingi ordinateri inaonyesha DVD kama tupu, na mama anafikiri kazi imeharibika, kumbe haijafungwa tu. Fanyeni hivyo saa ambayo umeme umetulia. Ukikatika katikati, DVD inaweza kupotea, lakini asili bado iko kwenye mashine. Ndiyo maana msifute kitu mpaka nakala itazamwe yote kwenye ordinateri, mwanzo hadi mwisho, na sauti yake.

Kwenye ordinateri fungueni DVD, mtaona folda inayoitwa VIDEO_TS. Ikopini nzima, bila kuchagua vipande. VLC, programu ya bure, inaicheza. HandBrake, nayo ya bure, inaigeuza kuwa MP4 ambayo simu inaisoma. Ordinateri nyingi za leo hazina mlango wa DVD. Kisomaji cha nje kinachochomekwa kwa USB kinatosha, na kikundi kinaweza kununua kimoja kwa wote.

Kama mashine inacheza lakini haiandiki tena DVD, tumieni waya wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na manjano, pamoja na kisanduku kidogo kinachopokea picha na kuipeleka kwenye ordinateri kwa USB. Njia hii ni ya polepole: ndoa ya saa 3 inachukua saa 3 kamili. Ubora unashuka kidogo. Sauti ya bibi itabaki ya bibi.

Flashi ya giga 32 inabeba DVD 6 zilizojaa. Wekeni nakala mbili, na ya pili ilale katika nyumba nyingine, kwa dada au kwa binti aliyeolewa. WhatsApp msiihesabu kuwa ghala, kwani inabana picha. Na mashauri ya bibi kwa bibi arusi si ya kutupwa huko kwenye simu za watu wote; muulizeni kwanza mwenyewe anayeonekana.

Siku ya posho, baada ya mkutano, nitakuwa na ordinateri na kisomaji cha DVD. Leteni DVD zilizofungwa na flashi tupu. Mashine zenyewe ziacheni nyumbani, zisitikisike njiani.