Uchachu Huleta Mate, Ukakasi Huyakausha

Anayeonja bia chachu kwa mara ya kwanza mara nyingi hudhani imeharibika. Simlaumu, kwani bia ya kawaida ikichachuka ni ya kumwagwa. Lakini aliyewahi kunywa togwa iliyolala, au mbege ya Wachaga, anajua kwamba uchachu unaweza kuwa ndio uzuri wenyewe wa kinywaji.

Nichukue bia iitwayo Saint-Lamvinus, ya kiwanda cha Cantillon kilichopo Anderlecht, Brussels, tangu mwaka 1900. Msingi wake ni lambiki, bia ya kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, iliyochemshwa na hopsi zilizozeeka. Jioni, maji hayo ya kimea humiminwa yakiwa moto kwenye beseni pana la kina kifupi, juu kabisa chini ya paa, nayo hulala humo hadi asubuhi. Mpishi hatii hamira yoyote. Hewa ya usiku na jengo lenyewe ndivyo vinavyoleta chachu na bakteria, na ndiyo sababu hupikwa miezi ya baridi tu: joto la kiangazi lingeleta vijidudu viharibifu kupita kiasi. Kisha bia huingia kwenye mapipa ya mbao, ikakaa miezi mingi kabla ya kutiwa zabibu nyekundu za Merlot, zile zile za mvinyo.

Wengi wakisikia zabibu hutarajia utamu. Haupo. Chachu imeshaila sukari yote. Zabibu zimeacha rangi, harufu na ukakasi wa maganda.

Imimine polepole katika glasi ya mvinyo, isiwe baridi ya barafu. Nyuzi 12 hivi zinatosha. Inuse kwanza. Utakutana na harufu ya zizi na ngozi, kazi ya chachu iitwayo Brettanomyces, ambayo Mdenmaki Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg aliitangaza mwaka 1904 baada ya kuchunguza bia za Kiingereza. Watengenezaji wengi wa mvinyo huihesabu kuwa kasoro. Kwenye lambiki ni roho ya bia. Vuta subira kidogo, tikisa glasi, na harufu ya tunda itapanda.

Sasa kunywa funda dogo, ulizungushe mdomoni. Uchachu utakuja kwanza, na mate yatajaa pembeni mwa ulimi: hiyo ni asidi ya laktiki, ile ile ya mtindi. Meza, kisha pitisha ulimi kwenye fizi. Ukizihisi kavu na zenye kukwaruza, kama umetafuna ndizi mbichi, huo ni ukakasi wa maganda. Watu huvichanganya viwili hivi na kuviita vyote ukali, wakati kimoja huleta mate na kingine huyakausha. Bia nzuri ya zabibu huvipatanisha, usikose hata kimoja. Lakini kama pua inapigwa na siki na koo linachoma, asidi ya asetiki imezidi, na hapo una haki ya kuikataa.

Kiwanda hicho hicho hutengeneza Vigneronne kwa zabibu nyeupe za Muscat. Ukakasi wake ni hafifu na harufu ya tunda huwahi kujitokeza. Mgeni wa bia hizi ningempa hiyo kwanza, halafu Saint-Lamvinus.